Kijana Aliyemkimbilia Askari

Mtu akikwambia "yule kijana alimkimbilia askari," wewe unaelewa nini? Kwamba alimwendea mbio ili amvamie, au alimwendea mbio ili asalimike? Usijibu haraka. Swali hilo liliwahi kuninyima usingizi tangu Alhamisi hadi Jumapili, na wakati huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya Kiswahili mkononi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia katika kazi ya ukalimani wa mahakama. Nimeifanya kazi hiyo pwani hii, Kilifi na Malindi na vijiji vya kati, mpaka nikastaafu. Wengi wenu huniuliza habari za sheria. Sheria mtazisoma. Mimi nataka kuwaambia juu ya maneno, na juu ya kifo cha mtu mmoja kilichokaribia kufunikwa na neno moja. Ilikuwa miaka ya themanini. Mahakama yenyewe siitaji, maana waliokuwamo wengine wana wajukuu sasa, na nyinyi hampungukiwi na kitu msipoijua.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Nikiulizwa kama nataka chai ya maziwa au ya rangi, nilitaka kwanza kujua kwa nini naulizwa. Makarani wenzangu waliniita Digrii.

"Digrii, umefunga dirisha?"

"Nadhani nimefunga."

"Haya, kaandike tasnifu. Mvua ikinyesha tutajua umefaulu au umefeli."

Nilichukuliwa kazi kwa sababu mama yangu ni Mgiriama na baba ni mtu wa mji, kwa hivyo nilikuwa na Kigiriama cha jikoni na Kiswahili cha barazani, na Kiingereza nililipiwa na serikali. Nilidhani hiyo inatosha. Aliyenionyesha kwamba haitoshi ni Maalim Athmani, mkalimani mkuu, mzaliwa wa Mambrui, mtu wa sauti ya chini na kanzu isiyojua mkunjo. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye benchi akaniambia:

"Mwanangu, hapa huna mdomo wako. Shahidi akitukana, tukana. Akilia, nyamaza mpaka amalize. Akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Usiniletee habari za 'huyu anasema kwamba'. Na ukimwona anakwenda kasi, inua kiganja, hivi, kama unayezuia kuku asiingie ndani."

Nikamwuliza, "Na akisema jambo lisiloeleweka, Maalim?"

"Basi lisieleweke kwa Kiingereza pia."

Hayo yashikeni. Nimewaona wakalimani hodari wakiharibu kazi kwa huruma, wakimpangia shahidi maneno yake vizuri ili apendeze. Shahidi aliyebabaika aachwe na babaiko lake. Hakimu naye analipima.

Alikuwako mwenzetu mmoja aliyehamishwa kutoka bara, mchapakazi, Kiswahili chake cha shule. Mama mmoja alimshtaki jirani yake kwa matusi, akasema mbele ya mahakama, "Kila nikipita huniramba kisogo." Kwetu kumramba mtu kisogo ni kumdhihaki kwa ishara akishakupa mgongo. Mwenzetu alisimama wima akamwambia hakimu kwa Kiingereza safi kwamba mshtakiwa humlamba mlalamishi nyuma ya shingo.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Kila anapopita?"

"Kila anapopita, Mheshimiwa."

Hakimu akauliza kama mlalamishi ana cheti cha daktari. Maalim Athmani alitoka nje akacheka peke yake, akarudi akasahihisha mambo kwa adabu, na yule mwenzetu hakuchekwa mbele ya watu hata mara moja. Alichekwa kwenye chai, kwa muda mrefu.

Lakini kulikuwa na jambo lisilochekesha. Nyinyi mna vinasa sauti. Mtu akibisha, mnarudi nyuma mnasikiliza. Enzi zetu hakimu aliandika kila kitu kwa mkono wake, kwa Kiingereza. Shahidi alisema Kiswahili au Kigiriama, mkalimani akakigeuza, kalamu ikaandika kile kilichotoka kwa mkalimani. Maneno yenyewe ya shahidi yaliishia hewani. Kesi ikikatiwa rufani Mombasa, majaji walisoma yale ya mkalimani. Na hakimu wetu, mtu mwadilifu wa kutoka milimani, alikuwa na Kiswahili cha kununulia mboga tu.

Mjue basi mkalimani mzuri alikuwa na uzito gani. Niliwahi kumfuata Maalim Kilifi kwa kesi ya kijana wa Kibarani aliyeshtakiwa kuvunja duka. Kijana alidai kwamba alikiri kwa sababu alipigwa kituoni. Mwendesha mashtaka akamwuliza, "Kwa hivyo ulipohojiwa hukupigwa?"

Kijana akajibu, "Hapana!"

Sasa simameni hapo. Kwa Kiswahili, ukiulizwa "hukupigwa?" ukajibu "hapana", umekataa lile swali: si hivyo, nilipigwa. Kwa Kiingereza, neno lilelile la kukataa, likiandikwa peke yake, humaanisha hakupigwa. Mkalimani mvivu angetoa neno moja, na kijana angekuwa amewasafisha askari kwa mdomo wake mwenyewe. Maalim alitoa sentensi nzima: sivyo, mimi nilipigwa.

Mwendesha mashtaka aliruka. "Mheshimiwa, shahidi amesema neno moja, mkalimani ametoa mkutano!"

"Neno hilo moja lina mzigo, Mheshimiwa," Maalim akasema. "Nimeushusha wote."

Hakimu wa huko akamwambia kijana avue shati ageuke. Hakuna aliyeuliza swali jingine juu ya neno lile. Kukiri kule kulikataliwa, na askari waliomhoji wakaitwa kujieleza. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na hakika kwamba nimepata mwalimu asiyekosea.

Maalim alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote: neno moja, tafsiri moja. Mashahidi wawili wakitumia neno lilelile, mkalimani asimpe huyu neno tamu na yule neno chungu, maana atakuwa ameonyesha upendeleo. Ni kanuni nzuri. Mimi mwenyewe nimeifundisha. Lakini sikilizeni ilivyomgeuka.

Kahindi alikuwa kijana wa Ganze, kibarua wa chumvi huko Marereni. Alikuja mjini siku ya mapumziko kununua viatu. Sokoni mtu akapiga ukelele wa mwizi, na watu, wanavyojua kufanya, wakamtafuta mgeni. Wakamwona Kahindi. Wakamwandama kwa mawe. Kwenye pembe ya soko alikuwa amesimama konstebo mwenye bunduki. Kahindi akaenda mbio upande wake. Konstebo akafyatua. Mkononi mwa maiti hakukuwa na silaha, na mfukoni hakukuwa na kitu cha wizi. Juu ya hayo hakuna aliyebisha.

Kukafanywa uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu wetu. Huo si kesi bado. Hakimu husikiliza mashahidi, kisha huamua kama yuko mtu wa kushtakiwa. Aliyewaongoza mashahidi alikuwa inspekta wa polisi, kwa kuwa wakati huo polisi ndio walioendesha mashtaka; yaani konstebo alihojiwa na mkubwa wake. Inspekta hakuwa mtu mbaya. Alinipa lifti mara nyingi na alipenda mahamri. Lakini nyumba ya mtu ni nyumba yake. Baba yake Kahindi, Mzee Karisa, hakuwa na wakili. Alikaa nyuma kabisa, kofia magotini.

Swali lililobakia lilikuwa moja tu: konstebo alipofyatua, maisha yake yalikuwa hatarini?

Konstebo alitoa ushahidi wake kwa Kiswahili. "Alinikimbilia," akasema. "Nikaona huyu ananimaliza." Maalim akageuza: alinijia kwa kasi kunivamia. Ilikuwa sawasawa. Ndivyo konstebo alivyokusudia.

Akafuata Bi Zuhura, mama wa makamo ambaye watu wake walitoka visiwa vya kaskazini, muuzaji wa mahamri pale pembeni mwa soko. Hakuna aliyekuwa karibu kuliko yeye. Akasema kwa ufupi, kama mtu aliyeacha moto jikoni: "Watu walikuwa wamemwandama. Kijana akamkimbilia askari. Askari akampiga risasi."

Neno moja, tafsiri moja. Maalim alitoa Kiingereza kilekile alichompa konstebo. Kalamu ya hakimu ikaandika kwamba kijana alimvamia askari. Inspekta akasema hana swali, akaketi, na Bi Zuhura akateremka akaenda zake kwenye mahamri yake, baada ya kumwunga mkono konstebo bila kujua.

Mimi nilikuwa nimekaa mezani kwa makarani. Nilisikia kitu kikigonga ndani ya kichwa changu. Nikajiambia labda ni wasiwasi wangu wa kawaida.

Tulipotoka, Mzee Karisa alinishika mkono. Alikuwa amemsikia Bi Zuhura kwa Kiswahili, na Kiingereza kilichofuata hakukijua. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu uchunguzi uanze. Akaniambia kwa Kigiriama, "Yule mama Mungu amweke. Amesema mwanangu alikwenda kwa askari kutaka msaada. Sasa imeandikwa."

Nikaitikia. Nilimwitikia mzee wa watu, kisha nikaenda nyumbani, na usingizi ukanikataa.

Mngeniona mngecheka. Nililala chali nikipima neno kama dhahabu. Mbwa humkimbilia mtu, na hapo maana yake ni meno. Mtoto humkimbilia mamake, na hapo maana yake ni kifua. Watu hukimbilia bidhaa, hukimbilia kivuli, humkimbilia Mungu. Bi Zuhura alikusudia lipi? Mimi ni nani wa kujua? Na kama alikusudia kuvamia kweli, nami nikasimama kumtetea marehemu, nitakuwa nimemwonea konstebo. Naye ana mama. Halafu nikafikiri: mkalimani hana mdomo wake. Halafu nikafikiri: na aliyenifundisha hivyo ndiye nitakayemwaibisha. Hakimu alikuwa amesema Jumatatu angesikiliza maneno ya mwisho ya Inspekta kisha afunge.

Jumamosi alasiri nikaenda Mambrui.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Karibu. Digrii, umekonda tangu juzi."

Nikaketi. Nikasifu mashamba, nikasifu upepo. Maalim aliniacha nisifu mpaka nikaishiwa.

"Maalim, lile neno la Bi Zuhura..."

"Alimkimbilia."

Sikuwa nimelitaja.

"Wadhani sina masikio?" akasema. "Lilipokuwa latoka mdomoni nilijua nimelivisha nguo ya mwenziwe. Nikainua macho, kalamu imeshapita na Inspekta ameshaketi."

"Sasa tutafanyaje?"

"'Tu' ipi hiyo?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Nikisimama niseme nimekosea, Inspekta ataniuliza nimekosea mara ngapi kabla ya hapo. Kila aliyefungwa kwa ulimi wangu atataka kesi yake ifufuliwe, na wako waliofungwa kwa haki. Hilo hukulisoma chuoni."

"Labda hukukosea," nikasema, nikitafuta pa kutokea. "Labda alikusudia kuvamia kweli."

"Labda."

"Kwa hivyo hatuna hakika."

"Hatuna. Lakini hakimu anayo. Ameipata kwangu."

Mkewe alileta kahawa akatuangalia, akarudi ndani.

Nilipoaga, Maalim alinisindikiza hadi njiani. Akasema, "Mimi sitakuzuia, mwanangu. Na sitakutangulia."

Jumapili nilikuwa na siku nzima ya kujitesa, na niliitumia vizuri. Lakini jioni, wakati nikichota maji, kitu kilifunguka. Nilikuwa nikijiumiza kutafuta maana ya kweli ya neno, kana kwamba nikiikosa sina ruhusa ya kusema. Kumbe hilo halikuwa juu yangu. Mwenye neno alikuwa hai, anauza mahamri, mita chache kutoka mahakamani. Ilikuwa juu yangu kusema tu kwamba neno lina maana mbili, na mwenyewe aulizwe. Usiku huo nililala kama gogo.

Vijana wangu, kama mtasahau yote, hili lishikeni: ukiwa na shaka, usichague, uliza. Inua mkono, mwombe hakimu ruhusa umwulize shahidi. Utaonekana mjinga kwa dakika moja. Wasiwasi wako, kama unao, ni mali katika kazi hii. Wenye hakika ya haraka ndio wanaofungisha watu na kuwafungulia wengine mlango.

Jumatatu Inspekta alisimama akiwa amenyooka. Akasema, "Mheshimiwa, hata shahidi asiye na uhusiano na polisi, mama wa mahamri, amekubali kwamba marehemu alimvamia konstebo. Naomba uchunguzi huu ufungwe."

Hakimu akachukua kalamu. Nikasimama.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa."

Inspekta akageuka, akanitazama kama kiti kilichosema. "Mheshimiwa, tangu lini makarani wakawa mawakili?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Sema. Na uwe mfupi."

Nilikuwa nimejiandalia mhadhara mzima juu ya vitenzi na viambishi vyake. Nashukuru ulinipotea wote. Nikasema, "Neno alilotumia Bi Zuhura lina maana mbili. Kwa maana moja, kijana alimvamia askari. Kwa maana ya pili, alikwenda kwake kutaka kinga. Iliyoandikwa ni moja. Mimi sijui alikusudia ipi. Yuko hapo nje. Naomba aulizwe."

"Alishaulizwa!" Inspekta akasema. "Akajibu, na mkalimani mkuu wa mahakama hii akatafsiri. Au huyu kijana anataka kutuambia Bwana Athmani hajui Kiswahili?"

Hakimu alimgeukia Maalim. "Bwana Athmani, unasemaje?"

Maalim alijitengeneza kanzu, akasimama.

"Kijana asema kweli, Mheshimiwa. Maana zilikuwa mbili, nami nikachagua. Haikuwa kazi yangu kuchagua." Kisha akaongeza, "Akiitwa yule mama, naomba atafsiri huyu."

Bi Zuhura aliletwa, mikono ina unga, amekasirika kwa kuacha karai jikoni. Hakimu aliuliza, nami nikamgeuzia: "Uliposema kijana alimkimbilia askari, alimkimbilia afanye nini?"

Akanitazama, akamtazama hakimu, akatutazama sote kama watu tuliopungukiwa.

"Mwanishangaza nyinyi. Mtu amefukuzwa kwa mawe, mbele yake yuko askari wa serikali. Amkimbilie kwa lipi tena? Alimkimbilia amwokoe! Mikono yake ilikuwa juu, hivi. Alikuwa asema, 'Afande, nisaidie, afande.' Niliyasikia kwa masikio yangu."

Inspekta alisimama upesi. "Mbona hukusema hayo Alhamisi?"

"Nilisema! Nilisema alimkimbilia. Mwataka mtu aseme mara ngapi?"

Niliyatafsiri yote, na hasira zake pamoja. Hakimu alirudi nyuma kwenye karatasi zake, akapiga mstari, akaanza kuandika upya, polepole. Konstebo alikuwa akitazama sakafu.

Uamuzi ulitoka baadaye. Hakimu aliagiza konstebo ashtakiwe kwa kuua, naye akashtakiwa, akapatikana na hatia. Enzi zile hayo hayakuwa yakitokea mara nyingi, na wapo walioacha kunisalimia. Inspekta aliendelea kununua mahamri, ila lifti sikuipata tena. Maalim hakuna aliyemfufulia kesi hata moja. Alistaafu kwa heshima zake.

Lakini kabla hatujaondoka siku ile ya Jumatatu, hakimu alipokuwa akifunga karatasi zake, nilisimama mara ya pili. Safari hii sikuwa nimefikiria lolote. Nilimwambia kwamba baba wa marehemu alikuwa mle ndani, kwamba hajui Kiingereza, na kwamba tangu uchunguzi ule uanze hakuna aliyemweleza kalamu imeandika nini juu ya mwanawe. Nikaomba isomwe kama ilivyo, nami nimgeuzie.

Hakimu alimtazama Inspekta. Akafungua tena karatasi zake, akasoma. Nikampungia mkono Mzee Karisa asogee mbele, nikamngoja afike, nikaanza kwa Kigiriama.